Mapendekezo ya Afisa Uangalizi

Hakimu alipomuuliza Fundi kwa nini alimfungia shemeji yake ndani ya nyumba siku mbili kwa kulichomelea geti, Fundi alijibu kwa adabu zote kwamba shemeji mwenyewe ndiye aliyetangaza mtaa mzima kuwa geti alilomtengenezea halifungi.

Mahakama nzima ilicheka, hakimu akiwemo, lakini kicheko hakikumzuia kuandika. Kifungo cha nje, mwaka mmoja na nusu. Fundi alale kwake, afanye kazi zake mchana, jioni awe ndani kwa saa atakayopangiwa. Afisa uangalizi amfuatilie kwa jicho kali. Na mara moja kwa wiki aende kwa mshauri nasaha akatibiwe hasira. Akikiuka sharti lolote, kifungo cha nje kinageuka cha ndani.

Jicho kali ni yeye. Mshauri nasaha ni mimi.

Ofisi yake na yangu zimetenganishwa na barabara moja, duka la vifaa vya shule na ngazi arobaini na moja. Kila mteja tunayemhudumia pamoja ana daftari lake la mawasiliano: jalada gumu jeusi, kurasa zenye namba, muhuri wa mahakama kwenye kila karatasi. Upande wa kushoto anaandika yeye, upande wa kulia naandika mimi. Likitoka kwake linatiwa kwenye bahasha, bahasha inagandishwa kwa gundi, na anayeibeba ni mteja mwenyewe, maana kila wiki lazima afike kote kuwili.

Kwa hiyo mtu aliyetubebea barua zetu za mapenzi miezi saba alikuwa Fundi, bila kujua. Na sisi hatukujua kuwa ni barua za mapenzi. Zilianza kama taarifa.

Kushoto: "Mteja amefika kwa wakati. Ametulia. Anasema mshauri wake anakohoa. Mshauri anywe maji ya moto."

Kulia: "Mteja anaendelea vizuri. Afya ya mshauri haimo katika masharti ya mahakama."

Kushoto, wiki iliyofuata: "Afisa amesoma. Afisa bado ana wasiwasi."

Kwa lugha ya serikali, hilo ni busu.

Tukaja kuonana, tukanywa chai, tukatembea, tukaanza kujificha. Utaratibu unasema watumishi wawili wenye mteja mmoja wakiwa na uhusiano, wakubwa waambiwe na mmoja aliachie faili. Tulikuwa tunasema tutawaambia mwezi ujao. Mwezi ujao una tabia ya kusogea mbele.

Halafu, wiki mbili kabla ya Jumatatu ninayoisimulia, daftari lilinifikia. Ukurasa wa thelathini na nne, chini ya kichwa Mapendekezo ya Afisa Uangalizi, kwa ule mwandiko wake ulionyooka kama umepigwa pasi, alikuwa ameandika: "Afisa anapendekeza kumuoa mshauri, iwapo mshauri hana pingamizi. Naomba maoni."

Chini yake sahihi. Juu ya sahihi, muhuri.

Nililifungia daftari kwenye droo. Nikawa naifungua droo kila mteja anapotoka, nasoma, naifunga. Mimi ninayewafundisha watu wazima kuzitaja hisia zao kwa majina nilishindwa kuandika neno moja. Nikiandika ndiyo, lazima tuseme, na faili la Fundi litoke mikononi mwa mmoja wetu wakati ndiyo kwanza ameanza kutulia. Nikiandika siyo, nitakuwa mwongo mwenye cheti ukutani. Basi sikuandika chochote, na daftari halikurudi.

Jumatatu hiyo, saa mbili na robo, nilimkuta Fundi ameshakaa kwenye benchi la nje. Miadi yake ni saa tatu, lakini tangu ahukumiwe amekuwa akiwahi kila mahali kwa saa nzima, kama anayeogopa kuta zitahama. Kofia ilikuwa mikononi, anaikamua.

"Fundi, kuna nini?"

"Salama tu, Daktari."

"Mimi si daktari."

"Ndiyo, Daktari." Akatazama viatu vyake. "Atakwambia Afande."

Sijamaliza kufungua mlango, mwanamke mmoja mnene, kilemba kimefungwa kwa hasira, akanipita na kuingia ofisini mwangu. Akapitisha kidole kwenye fremu ya dirisha, akakitazama kidole, akakaa.

"Una miadi, mama?"

"Ugonjwa nao una miadi?"

Nikakaa. Miadi ya saa tatu ilikuwa bado, na kusema kweli nilikuwa na hamu ya kumsikia.

"Nitakayosema humu yanabaki humu?" akauliza.

"Yanabaki."

"Hata serikali haiambiwi?"

"Isipokuwa mtu akitaka kujidhuru, au kumdhuru mwingine."

"Kumdhuru mwingine bado sijaamua." Akaukumbatia mkoba wake. "Nina mwanangu. Si wa kumzaa, ni wa kaka yangu, lakini nimemlea tangu hajaota meno. Kijana mzuri. Ana kazi. Anajipigia pasi mwenyewe, mpaka soksi. Sasa wiki mbili hali. Namwekea sahani, anaitazama kama faili."

Aliposema hivyo mdomo wake ulipanda upande mmoja tu, wa kushoto. Nilikuwa nikiujua mdomo huo. Na soksi hizo nilikuwa nikizijua.

"Mwenyewe anasemaje, huyo kijana?"

"Angekuwa anasema, mimi ningepanda ngazi zako? Amemwandikia mwanamke jambo. Mwanamke kimya. Nakuuliza wewe msomi: mtu akiandikiwa neno zito akakaa nalo wiki mbili, huo ni ugonjwa gani?"

"Inaweza kuwa woga, mama."

"Una tiba?"

"Huwa tunazungumza naye, taratibu."

"Basi zungumza naye," akasema, akiniangalia usoni bila kupepesa. "Nasubiri."

Alijua. Alijua pia kwamba najua kuwa amejua. Tukabaki tunatazamana kama wanawake wawili wanaogombea kiti kimoja cha mwisho.

"Na nikwambie kisichonipendeza," akaendelea. "Huyo mwanamke kazi yake kusikiliza. Kutwa kusikiliza. Akija kwetu, mtu akinuna atapimwa, akicheka atapimwa. Mume wangu akipiga miayo ataulizwa utoto wake ulikuwaje."

"Wengi wetu, mama, tukifika nyumbani hatutaki kusikiliza mtu yeyote."

"Hilo nalo baya!"

Mlango ukagongwa mara tatu. Afisa huwa anabisha hodi kama amekuja kukamata. Akaingia: shati jeupe, mikono imekunjwa mara mbili sawasawa, bahasha ya kaki kwapani. Nilitazama vifundo vya mikono yake, kama kawaida yangu, nikajikemea, kama kawaida yangu.

"Mshauri, samahani kwa kuwahi, lakini..." Akaona kilemba. "Shangazi?"

"Sikujui," akasema Shangazi. "Mimi ni mteja hapa. Siri zangu zilindwe."

"Shangazi, si umeniambia unakwenda kununua nyuzi?"

"Na wewe si umeniambia huna tatizo?" Akasimama, akajinyoosha gauni. Mlangoni akanigeukia. "Nitakaa benchini. Bado sijapona."

Tulipobaki wawili, hakukaa. Siku nyingine angevuta kiti karibu na meza kuliko inavyohitajika. Leo aliweka bahasha juu ya meza na kuisukuma kwa kidole kimoja.

"Soma."

Ilikuwa taarifa ya kukiuka masharti. Jina la Fundi lilikuwa juu, kwa herufi kubwa.

"Lazima ifike mahakamani kabla ya saa saba mchana," akasema. "Ikifika, jioni anakwenda ndani kumalizia kifungo. Nimeona ni haki nikuambie kwanza."

"Amefanya nini?"

"Jumamosi, saa kumi na mbili na dakika arobaini za jioni, nimekwenda kumkagua. Kwake hayupo. Nikazunguka. Unajua nimemkuta wapi?"

"Kwa shemeji yake," nikasema.

"Umejuaje?"

"Nilimtuma mimi."

Sasa alikaa, bila kukaribishwa. "Ulimtuma. Kwa mtu aliyemchomelea nyumba. Na mashine."

"Mashine sikumtuma! Nilimtuma akakae na shemeji yake saa moja nzima bila kupandisha sauti. Ni zoezi. Shemeji anarudi kutoka kazini saa kumi na moja, na Fundi mwisho wake wa kuwa nje ni saa moja jioni, kwa hiyo nikahesabu kwamba..."

"Mwisho wake ni saa kumi na mbili."

"Saa moja."

"Nimeshambadilishia. Siku kumi sasa."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu jioni tatu mfululizo majirani wamemwona amesimama mbele ya geti la shemeji yake, analitazama tu. Mtu kafungwa kwa ajili ya geti, anakwenda kulitazama geti! Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

"Hilo nalo nilimtuma mimi!" Nilikuwa nimeshasimama. "Hilo ndilo zoezi la kwanza! Asimame, alitazame, apumue mpaka hasira ishuke!"

"Mimi nikaona anapanga."

"Alikuwa anapumua!"

"Sasa kwa nini hukuandika kwenye..." tukasema wote wawili kwa pamoja, na wote wawili tukaishia hapo hapo.

Hakuna aliyetazama droo. Nilikuwa naisikia tu ilivyo pale, chini ya mkono wangu wa kulia.

"Ningeandika wapi?" akasema, sauti imepungua. "Daftari liko kwako."

"Simu unayo."

"Kila nikiishika nasema, huyu ataona naulizia jibu langu. Naiweka. Nimeiweka siku kumi."

Alisema hivyo akiutazama ukingo wa meza, na mimi nikaona kweli amekonda. Kola ya shati ilikuwa imeachana na shingo. Nilitamani kuizunguka ile meza, nimfungue kifungo cha juu, nimwambie apumue kama Fundi mbele ya geti. Badala yake nikasema, "Wewe ndiye mwenye kosa."

"Mimi!"

"Nani kakutuma uandike posa kwenye kumbukumbu za mfungwa?"

"Na wewe zoezi lako ungeliandika, ningejua. Kuna mstari wako mzima upande wa kulia, mweupe."

"Ukurasa ule ule? Umeniomba uchumba, mimi nijibu 'Mteja atamtembelea shemeji siku ya Jumamosi'?"

"Kuna ukurasa wa thelathini na tano."

"Usinifundishe kuhesabu kurasa! Na muhuri! Mwanamke anaposwa, anagongewa muhuri!"

"Kila pendekezo hugongwa muhuri," akasema kwa uchungu wa kweli. "Lisipogongwa halina nguvu."

Nilikuwa bado natafuta la kumrushia, liwe neno au kishikizo cha karatasi, mlango ulipofunguka bila hodi. Shangazi aliingia mbele. Nyuma yake Fundi, kofia kifuani.

"Huyu kijana," Shangazi akatangaza, ingawa Fundi anamzidi umri, "nimekaa naye benchini dakika ishirini. Ninyi mmekaa naye miezi saba. Mwambieni awaeleze aliyonieleza mimi."

"Mama, huyu ni mteja, mambo yake ni..." nikaanza.

"Nimemruhusu, Daktari," akasema Fundi. "Mama huyu nimeshamwambia mpaka majina ya wanangu."

"Haya, sema," Afisa akamwambia. "Kwa nini hukuniambia kwamba umetumwa zoezi?"

Fundi akakamua kofia. "Daktari aliniambia siku ya kwanza: tunayosema humu yanabaki humu. Nikayabakiza."

"Na mimi," nikamuuliza, "kwa nini hukuniambia saa yako imebadilishwa?"

"Afande aliniambia masharti yangu nisiyajadili na mtu yeyote. Akasema yeyote. Na wewe ni mtu, Daktari."

Nje gari lilipiga honi.

"Jumamosi ikawaje?" Afisa akauliza.

"Nilifika saa kumi na moja kamili. Tukakaa na shemeji. Nusu saa ya kwanza tulitazama ukuta. Halafu akacheka. Akasema, shemeji, ulivyolichomelea lile geti, zimamoto walilikata kwa saa tatu. Akasema fundi wa namna hiyo hajamwona. Nikalia, Daktari. Akaniambia bawaba moja bado imelegea, nikaitazame. Nikaenda kuchukua mashine, ni nyumba ya pili tu. Saa ilipofika kumi na mbili niliiona. Nikasema, nikiondoka sasa bawaba imening'inia, atasema tena halifungi." Akamgeukia Afisa. "Ulipokuja, Afande, si alikuwa amenishikia taa?"

Afisa alifumba macho. "Alikuwa ameshika taa. Nilidhani umemlazimisha."

"Na tangu lini nyinyi mmekosana?" Fundi akauliza kwa upole. "Maana bahasha zilikatika. Zamani kila wiki bahasha. Afande ananipa akitabasamu, Daktari anaipokea akiangalia chini. Nikajua kuna jambo. Ziliposimama nikasema, basi, wamegombana, na mimi nitaumia katikati. Lakini nikaona nisiingilie mambo ya wakubwa."

"Kumbe alikuwa anajua!" nikamwambia Afisa.

"Kila mtu kwenye benchi hilo anajua," akasema Shangazi. "Sasa huyu anakwenda ndani au haendi?"

Mtu anapoulizwa hivyo, mapenzi yote huwa madogo. Afisa aliitazama bahasha ya kaki, kisha Fundi, kisha saa ya ukutani. Saa nne kasoro.

"Kuna njia," akasema. "Taarifa ya pamoja. Idara zote mbili zinatia sahihi kwamba mteja alipewa maagizo yanayogongana, kwa kosa la watumishi. Hakimu akiridhika, ukiukaji unafutwa. Lakini ni lazima tueleze kwa nini mawasiliano yalikatika. Na lazima tuambatishe daftari lenyewe. Si nakala."

Wote wanne tukaitazama droo. Shangazi hakujua kwa nini, lakini alitazama kwa bidii kuliko sisi.

Niliifungua. Nikaweka daftari mezani, nikafunua thelathini na nne. Shangazi akainama, akasoma akitembeza kidole, midomo ikitikisika. Alipofika kwenye muhuri akamtazama mtoto wake wa kulea kwa muda mrefu.

"'Iwapo mshauri hana pingamizi'," akasema. "Shule yote ile niliyokupeleka, hili ndilo umeliokota?"

"Shangazi, naomba."

"Angalau ungetaja macho yake. Macho anayo."

Fundi naye alinyoosha shingo. "Mwandiko mzuri," akasema, ili kumsaidia.

Afisa akavuta daftari upande wake. Akashika ukurasa ule kwenye kona, kwa vidole viwili, na mimi nikaelewa anachotaka kufanya kabla hajakifanya. Mtu anayepiga pasi soksi, mtu anayesimama barabarani kungoja taa ya waenda kwa miguu hata kama hakuna gari, alikuwa anataka kuchana hati ya mahakama.

"Kurasa zina namba," nikasema.

"Tutasema ulimwagikiwa na chai."

"Wewe utasema? Kwa hakimu?"

"Mimi wataninyang'anya faili tu, basi," akasema haraka haraka, akiniangalia sasa moja kwa moja, kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo. "Lakini wewe ndiye uliyekaa na daftari. Wewe watakuandikia barua ya onyo. Watakuita. Watakuuliza mambo mbele ya watu. Sitaki uulizwe mimi nilichoandika. Na hujajibu. Kama jibu ni siyo, utaulizwa mambo yote hayo kwa ajili ya mtu ambaye hata humtaki."

Sauti ilimkatikia kwenye neno la mwisho. Mwanamume mwenye bahasha za mahakama, anatetemeka kwa ajili ya ukurasa mmoja. Nimesikiliza watu miaka minne katika chumba hiki. Sijawahi kusikia kitu kilichonipita mwilini namna ile.

"Msigombane," akasema Fundi. Alikuwa ameanza kurudi nyuma kuelekea mlangoni. "Mimi nitakwenda ndani tu. Ni miezi kumi na moja iliyobaki. Shemeji atawaangalia watoto, amesema. Msiharibu kazi zenu kwa bawaba."

"Kaa chini, Fundi," nikamwambia.

"Ndiyo, Daktari."

"Mimi si daktari! Kaa."

Nikalivuta daftari. Afisa hakuliachia mara moja. Vidole vyetu vilishikana juu ya jalada jeusi, vyake vina joto, na sekunde mbili nzima hakuna aliyekuwa anavuta. Kisha akaachia.

Nikachukua kalamu. Upande wa kulia, chini ya Maoni ya Mshauri, wiki mbili zilizokuwa nyeupe, nikaandika bila kuinua mkono:

"Pendekezo la afisa limepokelewa na kukubaliwa. Mshauri alichelewa kujibu kwa sababu alijua jibu tangu siku ya kwanza na akaliogopa. Daftari lilikaa kwake muda huo wote, na hiyo ndiyo sababu afisa na mshauri hawakupashana habari, na mteja akapewa maagizo mawili yasiyopatana. Ameyatii yote mawili kadiri mtu anavyoweza. Mteja hana kosa."

Sahihi. Tarehe. Nikatoa muhuri wangu kwenye kikasha, nikaupulizia pumzi, nikaugonga mpaka kikombe cha kalamu kikaruka.

Nikaligeuza daftari limwelekee.

Alisoma. Nilimwona akifika kwenye "kukubaliwa," akasimama hapo, akarudi mwanzo, akasimama tena hapo hapo. Mdomo wake ulianza kupanda upande wa kushoto, na safari hii upande wa kulia nao ukafuata, kitu ambacho sikuwahi kukiona. Akaichukua taarifa yake ya kukiuka masharti, akaikunja mara mbili, sawasawa, akaitia mfukoni. Akavuta karatasi mpya na kuanza kuandika: Taarifa ya Pamoja.

"Tunayo masaa matatu," akasema. "Mshauri. Mwenzangu. Sijui nikuiteje."

"Andika kwanza."

"Ndiyo, mke wangu."

"Andika!"

Fundi alikuwa anajifuta uso kwa kofia. Hapo ndipo nikagundua kwamba Shangazi bado ameinama juu ya daftari. Alikuwa ameusoma upande wangu, wote, mpaka kwenye muhuri.

"Ngoja nielewe," akasema. "Hii inakwenda kwa hakimu."

"Inakwenda."

"Kwa hiyo jibu la posa ya mwanangu litasomwa na hakimu. Na karani wa hakimu. Na polisi wa mlangoni. Kabla ya mjomba wake. Kabla ya mama yako mwenyewe!"

"Mama nitampigia simu mkiwa njiani."

"Wiki mbili umemwachisha mtoto kula. Leo unamjibu kwa muhuri, hujamtazama hata usoni, hujamuuliza kama anataka watu wote wajue." Aliweka mkoba mezani, juu ya kalamu zangu. Sauti yake ilikuwa kali, ila macho yalikuwa yamejaa maji, na kila mmoja wetu alijifanya hayaoni. "Mimi sijasema sikutaki. Hilo tutaliangalia. Nasema mke wa kwetu akikosa husema samahani. Muombe mwenzio radhi."

Afisa akainua kichwa. "Shangazi, hakuna haja..."

"Wewe andika!"

Akaandika.

Shangazi akanigeukia tena, mikono kiunoni. Nje ya dirisha wateja wa saa nne walikuwa wameshaanza kujaa benchini, na nadhani wote walikuwa kimya wakisikiliza.

"Nasubiri," akasema.

"Siombi, Shangazi."

"Hata neno moja?"

"Hata nusu. Kosa langu nimeliandika pale, lina sahihi na lina muhuri. Radhi siombi."